Uzito wa Kidumu

Katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, enzi zetu, kulikuwa na vitabu visivyokosekana hata pale ambapo chaki zilikosekana. Kulikuwa na rejista za mahudhurio za kila darasa. Kulikuwa na kitabu cha kumbukumbu za shule, ambamo wakaguzi waliandika sifa na lawama zao. Na kulikuwa na kitabu cha adhabu, kwa maana kanuni za viboko za mwaka 1979 zilitaka adhabu hiyo iwekewe kumbukumbu. Tuliandika tarehe, jina la mtoto, kosa lake na idadi ya viboko. Kitabu hicho nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa miaka mitatu kabla ya siku nilipokaa kitako nikakisoma. Habari ya siku hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia, ndugu msomaji, lakini haitaeleweka vizuri mpaka kwanza nieleze shule zetu zilikotoka, na mimi nilikotoka.

Watu hudhani kwamba mila ni za makabila tu. La hasha. Shule nayo ina mila zake, na mtoto hupokea mila hizo kabla hajapokea kitabu. Mtoto wa darasa la kwanza haanzi kwa kujifunza a, e, i, o, u. Huanza kwa kujifunza kusimama mstarini, kunyoosha mikono ili kucha zikaguliwe, kuitika jina, kumtii kiranja ambaye pengine ni jirani yake, na kukimbia kengele inapolia. Hujifunza kwamba lugha ya mama yake huachwa nje ya uzio. Hakuna anayemweleza sababu. Baada ya mwaka mmoja haoni tena kwamba mambo hayo yangeweza kuwa vingine.

Mila hizo hatukuzizua sisi. Wajerumani walifungua shule ya serikali kule Tanga katika miaka ya 1890 ili wapate makarani na watumishi wa utawala wao, na shule yenye shabaha hiyo haikuwa na budi kumzoeza mtoto kutii saa na amri. Waingereza nao walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walifungua shule Tabora katika miaka ya 1920, wakiwakusudia hasa watoto wa machifu. Humo waliingiza viranja, mabweni na mashindano ya usafi kwa mfano wa shule za watoto wa wakubwa huko kwao. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Walimu waliotoka katika shule za namna hiyo, na katika shule za misheni, walizipeleka desturi hizo mpaka vijijini, na ndio waliotufundisha sisi.

Yuko aliyejaribu njia nyingine. Huko Malangali, nyanda za juu za kusini, mwalimu mkuu Mwingereza aliyeitwa Bryant Mumford alijaribu mwishoni mwa miaka ya 1920 kuifanya shule ifanane na nyumbani. Wanafunzi walicheza ngoma za kwao na kurusha mikuki, na wazee waliitwa kuwafundisha mila. Niliposoma habari hiyo nikiwa chuo cha ualimu nilivutiwa sana. Siku hizi naona kwamba nyumbani kulikoingizwa shuleni kule kulikuwa ni kule kwa sikukuu. Ngoma iliingia, mkuki uliingia, lakini chungu kisicho na chumvi hakikuingia. Na wakati huo huo, nchi nzima, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilitengwa, kila kundi na fungu lake la fedha, mpaka mfumo mmoja wa elimu ulipoanza mwaka 1962 baada ya Uhuru.

Mwaka huo wa 1962 mimi niliingia darasa la tano katika shule ya kati ya bweni, huko Usukuma nilikozaliwa. Wenzangu wengi wa kijijini waliishia darasa la nne, maana mtihani wa darasa la nne ulikuwa mlango mwembamba, na nyuma ya mlango huo ilisimama ada. Baba aliuza ng'ombe wawili kati ya wanne aliokuwa nao. Barua ya shule ilitaja vitu vya kwenda navyo: blanketi, shuka mbili, sahani, kikombe, na sanduku lenye kufuli. Blanketi, shuka moja, sahani na kikombe vilipatikana. Sanduku halikupatikana. Mama alinifungia vitu vyangu katika kipande cha gunia la pamba, akakishona mdomo kwa sindano kubwa.

Kila Jumamosi asubuhi palikuwa na ukaguzi wa bweni. Kila mvulana alisimama kando ya sanduku lake, limefunguliwa, nguo zimekunjwa. Watoto wa makarani wa ushirika na wa wanangwa walikuwa na masanduku ya bati yaliyopakwa rangi. Mimi nilisimama kando ya gunia. Mwalimu aliniuliza, "Sanduku lako liko wapi?" Nikajibu, "Linakuja, Mwalimu, yuko nalo mjomba." Jibu hilo nililitoa kila Jumamosi kwa muhula mzima. Bweni letu likawa linakatwa alama kwa ajili yangu, na wenzangu wakanichukia, kwani walitaka ushindi. Hakuna aliyenipiga. Lakini nakiri kwamba katika muhula ule nilimwonea haya baba yangu, mtu aliyeuza nusu ya mali yake ili nisimame pale.

Ungetazamia kwamba mtu wa namna hiyo, akiwa mwalimu, atakuwa wa kwanza kumtambua mtoto mwenye gunia. Haikuwa hivyo, na hapo ndipo ilipo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Nilikuwa kidato cha pili lilipotangazwa Azimio la Arusha mnamo Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo aliilaumu elimu ya kikoloni kwamba ilimtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aidharau kazi ya mikono. Shule ikatakiwa iwe sehemu ya kijiji, iwe na shamba, wanafunzi na walimu wafanye kazi pamoja. Mimi na wenzangu tuliingia chuo cha ualimu mwaka 1970 tukiyaamini hayo kwa moyo wote. Nilianza kufundisha mwaka 1972. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Mnamo Novemba 1974, mjini Musoma, chama cha TANU kikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote iharakishwe, ifikiwe mwaka 1977 badala ya mwaka 1989 uliokuwa umepangwa hapo awali.

Waliokuwapo wanakumbuka jinsi watoto walivyomiminika. Madarasa yalijaa, wengine wakasoma chini ya miembe. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, nusu siku wakisoma, nusu siku wakifundisha. Watu wenye dhihaka waliigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", lakini bila vijana wale mamia kwa maelfu ya watoto wasingeshika kalamu. Nasema hayo ili nisieleweke kwamba nabeza kazi ya miaka ile. Mlango tuliufungua kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mtoto akishapita mlangoni, na akishavaa kaptura ya kaki na shati jeupe, basi amekuwa sawa na mwenzake.

Mwaka 1981 nilipewa ukuu wa shule katika kijiji kimoja kilichokuwa kimeanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Shule, zahanati, ghala la pamba na nyumba za watumishi vilikaa pamoja, karibu na bomba pekee la maji. Vitongoji vingine vilitawanyika, na kimoja kilikuwa ng'ambo ya mto wa msimu, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu ya mtu mzima. Nilikuta shule imelegea, nami nilikuwa kijana mwenye bidii. Niliweka utaratibu. Saa moja na robo asubuhi kila mtoto awe mstarini, ana ufagio, na ana kidumu kimoja cha maji, au kibuyu kwa asiye na kidumu. Maji yalikuwa ya kumwagilia bustani ya shule, ya kusafisha vyoo na ya kupikia uji siku tulizokuwa na unga. Anayechelewa, au asiye na maji, atafyeka nyasi mpaka kipindi cha pili, na akirudia atachapwa.

Sheria hiyo niliiona kuwa ya haki kuliko zote. Haikumuuliza mtu baba yake ni nani. Mtoto wa mganga wa zahanati alileta kidumu kimoja, mtoto wa karani wa ghala kidumu kimoja, mtoto wa mkulima kidumu kimoja, na wangu pia, kwa maana watoto wangu walisoma hapo hapo. Wakaguzi walikuja, wakaona bustani ya kabichi imestawi na vyoo vinang'aa, wakaandika sifa katika kitabu cha kumbukumbu. Mwisho wa mwaka 1983 tulitoa zawadi ya madaftari kwa mwanafunzi aliyewahi kuliko wote. Aliyeipata alikuwa binti yangu, naye alilala hatua hamsini kutoka mlingoti wa bendera.

Katika darasa la sita alikuwamo msichana mmoja wa ng'ambo ya mto. Alikuwa na akili ya hesabu ambayo sijaiona mara nyingi. Alikuwa akipata jibu huku mwalimu angali anaandika swali ubaoni. Lakini alichelewa. Alifika miguu imejaa vumbi mpaka magotini, au imejaa tope, kidumu kimepungua robo kwa maji yaliyomwagika njiani. Hakuwa na maneno mengi. Nilimuuliza sababu mara ya kwanza, akasema, "Maji, Mwalimu." Nikamwambia kwamba wenzake nao wameleta maji na hawakuchelewa. Hakujibu. Tangu hapo sikumuuliza tena.

Mnamo Mei 1984 ilikuja fomu kutoka wilayani ikitaka takwimu za watoro. Nilikaa ofisini Jumamosi moja, nikafungua rejista, kisha nikafungua kitabu cha adhabu ili nilinganishe. Mwanzoni nilikuwa nikihesabu tu. Baadaye nikaona kwamba ninaandika majina yale yale. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika kando ya kila jina kitongoji anachotoka. Majina mengi mno yalitoka ng'ambo ya mto. Wengine walikuwa watoto wa wajane, au wa watu walioajiriwa kuchunga ng'ombe za wengine. Makosa yalikuwa kuchelewa, kukosa kidumu, sare iliyochanika, kukosa mchango. Jina la mtoto wa mtumishi lilitokea mara moja kwa nadra, tena kwa kosa la kupigana au kutukana.

Nikatazama na tarehe. Katika miezi ya mvua watu wa ng'ambo walichelewa pamoja, siku zile zile. Nikakumbuka kwamba siku hizo mto ulikuwa umejaa. Katika miezi ya kiangazi walichelewa mmoja mmoja. Hilo sikulielewa. Kitabu kile nilikuwa nimekiona kuwa orodha ya watoto wabaya, kumbe ilikuwa sensa ya umaskini wa kijiji, nami ndiye niliyekuwa karani wake. Yule msichana wa hesabu nilimkuta amechapwa mara kumi na moja. Kisha nikageuza rejista nikaona kwamba ana wiki tatu hajafika shuleni.

Jumatatu alasiri nilikwenda kwao. Mama yake alinipokea kwa heshima zote, akaniletea kigoda na kata ya maji. Nilikuwa na kiu, nikayanywa nusu kwa mkupuo mmoja. Ndipo nikamuuliza maji wanayateka wapi. Akanionyesha mtoni. Mvua ilikuwa imeshakatika na mto ulikuwa mchanga mtupu. Walichimba mashimo mchangani wakasubiri maji yachuruzike, wakayateka kwa kata, kidogo kidogo. Waliotangulia ndio waliopata. Msichana alikuwa akiamka jogoo la kwanza, akangoja zamu yake shimoni, akajaza mtungi wa nyumbani kwanza kwa maana kulikuwa na wadogo zake, ndipo akajaza kidumu changu. Siku ambayo shimo lilichelewa kujaa, naye alichelewa. Nikayatazama yale maji yaliyobaki katika kata. Sikuweza kuyanywa, wala sikuweza kuyamwaga.

Nikauliza kwa nini mtoto ameacha shule. Mama akasema taratibu, bila hasira, "Amechoka, baba." Hakusema amechoka nini.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi, na mtihani wake nilikuwa nimeutunga. Njiani nikirudi nilikuwa nikifikiri juu ya neno "kimoja" katika sheria yangu. Kidumu kimoja cha binti yangu kilikuwa na uzito wa hatua kumi kutoka bombani. Kidumu kimoja cha yule msichana kilikuwa na uzito wa usingizi wake, wa zamu ya shimoni, wa njia ya saa moja na zaidi, wa fimbo, na wa kipindi cha hesabu alichokikosa akifyeka nyasi. Hapo ndipo nilipoona jambo baya kuliko fimbo. Masomo ya kwanza ya asubuhi yalikuwa ya hesabu na Kiswahili. Kwa adhabu yangu niliwanyima masomo hayo watoto wale wale waliokuwa hawana mtu wa kuwafundisha nyumbani. Mwisho wa muhula tulisoma matokeo, tukasema kwamba watoto wa ng'ambo ni wazito.

Niliitisha kamati ya shule nikapendekeza kwamba watoto wa mbali wasilete maji, na kengele yao iwe nusu saa baadaye. Sikutazamia upinzani nilioupata. Mzazi mmoja anayekaa karibu na bomba alisimama akasema, "Mwalimu Mkuu, mbona wangu anabeba? Sheria ni msumeno." Mwingine akasema kwamba tukianza kubagua tutarudi kule kwa machifu. Niliwaelewa, kwani maneno hayo yalikuwa yangu mwenyewe ya miaka mitatu nyuma. Tulibishana mpaka jioni. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa ng'ambo ambaye alikuwa hajafungua kinywa. Aliuliza, "Kwani shule inataka maji, au inataka watoto waonekane wamebeba?" Watu wakacheka, na baada ya kicheko wakafikiri. Mwishowe tulikubaliana kwamba watoto wa karibu watajaza mapipa ya shule kwa zamu wakati wa mapumziko, na wa mbali watafanya kazi ya bustani saa za mchana wakiwa wameshafika. Nusu saa ya kengele walinikatalia. Niliacha kuwachapa kwa kuchelewa, nikawafundisha walimu wa zamu kuuliza kabla ya kuandika.

Msichana alirudi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Siku hizo nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na wengi wenye akili walibaki, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba mimi ndiye niliyemnyima nafasi. Lakini najua asubuhi ngapi alizitumia kwenye nyasi, kwa maana ziliandikwa, na mwandiko ni wangu.

Miaka ya mwanzo ya 1990 nilihudhuria semina ya walimu wakuu, na mkufunzi mmoja akatueleza tafiti mbili za nchi za nje. Mwaka 1966 huko Marekani, James Coleman na wenzake walipima zaidi ya nusu milioni ya wanafunzi, wakaona kwamba hali ya nyumbani kwa mtoto ilieleza tofauti za maendeleo yake kuliko majengo na vifaa vya shule. Wengi wetu tulitikisa vichwa kwa masikitiko, kama kwamba tumeambiwa kazi yetu ni bure. Kisha akatuambia kuhusu Michael Rutter na wenzake, waliochunguza shule kumi na mbili za sekondari za London na kutoa kitabu mwaka 1979. Hao walikuta kwamba shule zenye watoto wa hali zinazofanana zilitofautiana sana, na tofauti hiyo ilitokana na desturi za shule yenyewe: jinsi masomo yanavyoandaliwa, jinsi watoto wanavyosifiwa, jinsi wanavyopewa madaraka. Nikaona kwamba yote mawili nilikuwa nimeyasoma katika kitabu cha adhabu. Nyumbani kuna nguvu kubwa. Lakini shule ndiyo inayoamua kama itauongeza mzigo wa nyumbani au itaupunguza.

Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika tena. Uchumi uliyumba baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na katikati ya miaka ya 1980 ada za sekondari zilirudishwa na michango ya shule za msingi ikaongezeka. Michango ilidaiwa Januari, shule zinapofunguliwa. Kwetu pamba huuzwa katikati ya mwaka. Kwa hiyo Januari mkulima hana kitu, na mtoto wake ndiye anayerudishwa nyumbani akachukue fedha ambayo ingali shambani haijachanua. Mtoto wa mwenye mshahara hakurudishwa, si kwa sababu baba yake alipenda elimu zaidi, bali kwa sababu mshahara hutoka kila mwisho wa mwezi.

Mwaka 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Watoto walimiminika tena kama mwaka 1977. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa shule nyingine, kata ya jirani. Siku ya kuandikisha watoto foleni ilizunguka jengo. Akaja mama mmoja ameshika mkono mtoto wa miaka tisa hivi. Akapiga goti akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mama," bila kumtambua. Akanitazama kidogo kisha akauliza, "Mwalimu, kidumu bado kinadaiwa?"

Nilicheka kabla sijaelewa. Nilipoelewa, nikasimama. Alikuwa ameolewa katika kata hiyo na huyo alikuwa mtoto wake wa tatu. Nilimwambia kwamba kidumu hakidaiwi tena, shule ina tangi la maji ya mvua. Akaitikia kwa kichwa. Lakini macho yake yalikuwa yamehamia ukutani nyuma yangu, mahali nilipobandika karatasi ya mahitaji: sare, madaftari, mchango wa dawati, mchango wa mlinzi. Akaisoma yote mpaka chini, kwa maana kusoma tulimfundisha. Kisha akasema, "Hiki cha mlinzi hakiwezi kungoja pamba?"

Nilisema kitangoja. Nikaandika jina la mtoto, na jioni ile nikaiondoa karatasi ukutani, nikaandika nyingine iliyosema kwamba mkulima atalipa baada ya kuuza. Ilikuwa miaka kumi na minane tangu nisome kitabu cha adhabu, na nilikuwa najihesabu kuwa mtu aliyekwisha kujifunza. Kumbe nilikuwa nimekiondoa kidumu nikaweka karatasi.

Nilistaafu mwaka 2010. Tangu hapo nimeona mengi mema. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Shule za kata zimefika mahali ambapo zamani hapakuwa hata na njia ya baiskeli. Wajukuu wa wale niliosoma nao mpaka darasa la nne wanakwenda sekondari kwa miguu na kurudi kula nyumbani. Anayesema kwamba hakuna kilichofanyika hakuwapo mwanzo.

Lakini kuna jambo moja linalonisumbua. Tangu miaka ya 1990, shule za binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeongezeka mijini na hata katika miji midogo. Mtoto wa mganga na mtoto wa karani hawamo tena katika mstari mmoja na mtoto wa ng'ambo ya mto. Asubuhi wanapitiwa na basi la shule. Katika shule yangu ya mwaka 1984 nilikosea, lakini wote walikuwa mbele yangu, nami niliweza kuwalinganisha. Kitabu kimoja kilikuwa na majina yao, na waliokosekana kitabuni walinionyesha waliojaa kitabuni. Mzazi wa karibu na bomba na mzee wa ng'ambo walikaa katika kamati moja wakabishana mpaka jioni. Siku hizi wangebishana wapi?

Kwa mwalimu kijana atakayesoma kurasa hizi sina ushauri mkubwa. Kila shule ina kidumu chake, na aghalabu ni kile ambacho mwalimu mkuu anakionea fahari. Chukua kitabu cha adhabu cha shule yako, kaa nacho Jumamosi moja, na kando ya kila jina andika mahali mtoto anapotoka na kile ambacho nyumbani kwao hakipo. Ukimaliza, usikimbilie kuandika ripoti. Nenda kwanza ukawatembelee, na ukikaribishwa maji, uliza yametekwa wapi.